Bosi anasema kompyuta haikosei, nisaini au nisisaini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nafanya kazi kaunta kwa wakala mkubwa wa benki na pesa za simu. Wiki iliyopita mtandao ulisumbua siku tatu mfululizo, tulipofunga hesabu mfumo ukaonesha nimepungukiwa 1,840,000. Sijachukua hata mia. Bosi anasema kompyuta haikosei, na kwamba wenzangu karibu ishirini kwenye matawi mengine wanatumia mfumo huohuo hawana shida, kwa nini mimi tu. Amenipa karatasi nisaini kwamba nakubali deni, nikatwe kwenye mshahara mpaka liishe. Hivi kweli kompyuta inaweza kukosea hesabu? Nisaini yaishe? Nimechoka, natamani hata kuacha kazi."

Marahaba mdogo wangu. Najua karatasi iko mezani kwa hiyo naanza na jibu lenyewe: usisaini. Simaanishi nina uhakika hujakosea, mi sikujui na sijaona hizo hesabu, inawezekana kabisa kwenye zile purukushani za mtandao ulimpa mteja hela mara mbili, binadamu tunachoka. Ila ukisaini umefanya kitu kimoja kikubwa sana ambacho bosi wako pengine hata yeye hajui ukubwa wake, umehamisha mzigo. Kabla ya saini yeye ndo anatakiwa aoneshe hela imepotea na wewe ndo umeipoteza. Baada ya saini wewe ndo unatakiwa uoneshe kwamba haikupotea, na utaonesha kwa kutumia nini wakati rekodi zote ziko kwenye seva, yaani ile kompyuta kuu ya mfumo, ambayo huna hata ruhusa ya kuifungua?

Sasa hilo la kwamba kompyuta haikosei. Mi naandika programu huu mwaka wa kumi na kitu, na nakwambia wazi, anayesema hivyo hajawahi kukaa chumba kimoja na wanaoziandika. Ngoja nikupe kisa cha Uingereza kwanza maana ukikisoma utadhani ni bosi wako anaongea.

Kule vijijini posta nyingi ni duka la mtu, anauza magazeti na pipi, na kwenye kona kuna kaunta ya posta watu wanachukua pensheni na kulipa bili. Yaani ni mawakala tu kama nyie. Kuanzia 1999 wakaletewa mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, umetengenezwa na ICL ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Haukupita muda mawakala wakaanza kuona upungufu usioeleweka. Mama mmoja anaitwa Jo Hamilton, kijiji cha South Warnborough, aliona amepungukiwa paundi 2,000, akapiga simu ya msaada, akafuata maelekezo waliyompa hatua kwa hatua, na upungufu ukageuka 4,000 hapohapo anaangalia. Unajua walimwambia alipe. Baadaye ikafika 36,000 na akakiri kosa la kughushi hesabu ili asifungwe, kosa ambalo alilifanya kwa sababu kila akifunga hesabu mfumo ulikuwa unamlazimisha akubali namba ambayo anajua si ya kweli.

Na hapa pasome taratibu. Mfumo ule haukuwa na kitufe cha kusema "sikubali". Ukifika mwisho wa kipindi unachagua ulipe sasa hivi au liandikwe deni lako makao makuu, basi, na usipochagua kesho hufungui kaunta. Unaona ilivyo sawa na hiyo karatasi yako? Kuna mwingine, Lee Castleton wa Bridlington, alipiga simu ya msaada mara 91, tisini na moja, analalamika hesabu hazikai. Posta ikampeleka mahakamani kudai kama paundi 25,000 hivi. Hakuwa na hela ya wakili akajitetea mwenyewe. Mwaka 2007 mahakama ikasema kwa kuwa alishazisaini hizo hesabu, ni juu yake yeye kuthibitisha kwamba hazikuwa sahihi. Akashindwa, akabebeshwa gharama za kesi paundi 321,000, akafilisika. Ndo maana nimeanza na saini kabla hata sijakusalimia vizuri.

Halafu hilo neno la "kwa nini wewe tu". Posta walikuwa wanawaambia mawakala hivyohivyo, mmoja mmoja, kwenye simu, kwamba wewe peke yako ndo una hili tatizo. Wakati huohuo Fujitsu walikuwa na orodha yao ya ndani ya makosa yanayojulikana, wanaongeza kila wanapogundua jipya. Kila mmoja alikaa kijijini kwake akiamini yeye ndo mjinga au kuna mfanyakazi wake anamuibia, watu waliuza nyumba kulipa hela ambayo haikupotea kokote, ilikuwa namba kwenye skrini tu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa miaka ile, na kesi nyingi Posta yenyewe ndo ilikuwa mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka. Seema Misra wa West Byfleet alihukumiwa miezi 15 jela Novemba 2010 akiwa na mimba ya wiki nane. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma ulioongozwa na Sir Wyn Williams, ya Julai 2025, imesema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa ajili ya sakata hili. Kosa la kuandika programu halina nguvu ya kufanya yote hayo, ilibidi watu waamue kuiamini.

Maana bagi zenyewe, yaani hayo makosa ya programu, ukizisikia zinachekesha. Moja ilijulikana kwa jina la kijiji cha Dalmellington huko Uskoti, mwaka 2015. Wakala anahamisha paundi 8,000 kwenda kwenye kaunta ya kutembeza, skrini inaganda, anabonyeza kitufe tena, kimya, anabonyeza tena. Mfumo ukaandika mara nne, 32,000, kwa hiyo ghafla kuna 24,000 "zimepotea". Kubonyeza kitufe mara nne skrini ikiganda! Nani hajawahi? We mwenyewe ile siku mtandao unasumbua na foleni imefika nje ulibonyeza mara ngapi?

Na hapo ndo nakuja kwenye kesi yako, maana hizo siku tatu za mtandao mbovu zimenishtua kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Muamala hauendi kama unavyofikiri, kwamba ama umeenda ama haujaenda. Kuna hali ya tatu na ndo mbaya. Kimashine chako kinatuma ombi, seva inalipokea, inafanya kazi vizuri kabisa, inajibu "tayari", na lile jibu linapotelea njiani kwa sababu mtandao umekata. Upande wako inaonekana imefeli. Unarudia, au kimashine kinarudia chenyewe bila kukuuliza, na seva inaona hili ni ombi jipya inalifanya tena. Dawa yake inajulikana miaka mingi, kila ombi linapewa namba yake ya pekee tangu linapozaliwa kwenye kimashine, seva ikiona namba ileile imerudi inasema hii nishaifanya na haigusi hela. Mifumo mizuri inafanya hivyo. Mifumo iliyoandikwa haraka kuwahi tenda, au iliyounganishwa juu ya mingine mitatu ya watu tofauti, mara nyingi namba inatoka kwenye kimashine ikiwa moja, inabadilishwa njiani, na kinga yote inakufa hapo.

Sasa chukua kalamu, hii ni ya bure na huhitaji ruhusa ya mtu. Angalia 1,840,000 yenyewe kama namba. Kama kuna mteja aliweka 1,840,000 kamili na ikaandikwa mara mbili, mfumo unategemea uwe na keshi mara mbili yake kwenye droo, we unayo moja, upungufu ni huohuo wako. Inaweza pia kuwa miamala kadhaa midogo iliyojirudia ambayo jumla yake ni hiyo. Halafu igawe kwa mbili, 920,000. Kama mteja alitoa 920,000 ukampa hela yake mkononi lakini mfumo ukaandika ameweka, tofauti inakuwa mara mbili, yaani 1,840,000 pale pale. Wahasibu wa zamani wana ujanja mwingine, tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kuna uwezekano mtu amegeuza tarakimu, kaandika 54 badala ya 45. Yako haigawanyiki, kwa hiyo hiyo njia achana nayo. Pitia risiti zako na kile kidaftari chako cha kaunta, natumaini unacho, tafuta hizo namba mbili. Ikiwa ni deposti iliyojirudia basi hela haijapotea dada yangu, iko kwenye akaunti ya mteja fulani ambaye amekaa kimya anamshukuru Mungu.

Kuna swali moja utanichukia kwa kuliuliza. Pasiwedi yako, unaijua wewe peke yako? Maana kwenye kaunta nyingi ninazozijua asubuhi anafungua mmoja, wote wanatumia hiyohiyo mpaka jioni kwa sababu kutoka na kuingia tena kunachukua dakika tano na mteja anagomba. Kama ndo hivyo kwenu, jina lako kwenye muamala halioneshi ni wewe uliyeufanya, na bosi anajua kwa sababu yeye ndo ameruhusu huo utaratibu. Ila pia inamaanisha huwezi kuapa kwamba hakuna mwenzako aliyekosea au aliyechukua. Kuwa mkweli hapo, usije ukaitetea nafsi yako kwa jambo ambalo kesho litakugeukia.

Kisha andika barua, fupi, kwa mkono au kwa simu haijalishi ila ibaki nakala, uombe vitu hivi. Orodha ya miamala ya hizo siku tatu kutoka kwenye mfumo, ile mbichi kabisa yenye saa, dakika, namba ya kumbukumbu na jina la aliyeingia, usikubali ile ripoti ya ukurasa mmoja yenye jumla tu. Taarifa ya benki na ya kampuni ya simu kwa siku hizohizo, kwa sababu hizo zinatunzwa na mtu mwingine, na ukilinganisha vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wawili tofauti, kosa linajitokeza lenyewe. Na uulize kwa maandishi, nani mwingine ana uwezo wa kuingia kwenye hesabu za kaunta yangu akaongeza au kurekebisha kitu bila mimi kujua? Hilo swali usione dogo. Kule Uingereza Posta walikana kwa miaka kwamba inawezekana, na ikaja kuthibitika kwamba watu wa Fujitsu walikuwa wanaweza kabisa kuingia kutoka mbali na kubadili hesabu za tawi. Jaji Fraser alipotoa hukumu Desemba 2019, kwenye kesi ya mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates, alisema msimamo wa Posta kuhusu mfumo wao ulikuwa sawa na mtu wa karne ya 21 kung'ang'ania kwamba dunia ni bapa.

Nikuambie na la kwangu ili usidhani nawasema Wazungu tu. Miaka ya nyuma niliandika programu ya stoo kwa duka moja la vifaa vya ujenzi, kazi ndogo, nililipwa vizuri nikaondoka. Kumbe umeme ukikatika katikati ya kuandika mzigo mpya, programu yangu ikiwaka tena ilikuwa inamalizia kuuandika halafu inauongeza kwenye stoo mara ya pili. Unajua umeme wetu. Mifuko ya simenti ikawa mingi kwenye kompyuta kuliko iliyopo stoo, ikaonekana kama inaibiwa, na siku moja yakamwangukia mzee wa stoo. Mtu wa miaka mingi pale. Hakusaini chochote wala hakubishana, alirudi kwao tu. Mi niligundua baadaye sana, tena kwa bahati, nilipokuwa natafuta tatizo jingine kabisa. Tajiri aliniambia "ila kompyuta ilisema". Kompyuta haikusema kitu, ni mimi nilisema, saa nane usiku, nikiwa nimechoka, kupitia kompyuta.

Upande wa sheria mi si wakili, tafuta anayejua, lakini kuna vitu viwili vinasomeka wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kukukata mshahara kufidia hasara mpaka iwe hasara imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipiga hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo "mfumo umeonesha" peke yake si maelezo ya alivyopiga hesabu, hiyo ni matokeo. Cha pili ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18. Inakubali rekodi za kompyuta mahakamani, na mojawapo ya njia za rekodi kuchukuliwa kuwa za kuaminika ni pale panapokuwa na ushahidi kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri kwa wakati husika. Mfumo uliokuwa unakata mtandao siku tatu? Hapo kuna maswali. Wakenya nao wana kifungu cha 106B kwenye Sheria ya Ushahidi kinachodai hati ya kuthibitisha kompyuta ilikuwa sawa.

Ajabu ni kwamba Waingereza nao walikuwa nacho kitu kama hicho. Kifungu cha 69 cha sheria yao ya 1984 kilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aoneshe ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Wakakiona usumbufu, wakakifuta kwa sheria ya 1999, na kuanzia 2000 mahakama zikawa zinachukulia tu kwamba kompyuta iko sawa mpaka mshtakiwa aoneshe haiko. Mwaka uleule Horizon inasambaa nchi nzima! Ilibidi Bunge lao litunge sheria maalum Mei 2024 kufuta zile hukumu kwa mkupuo, kitu ambacho Bunge halifanyi kirahisi kule.

Kwa hiyo mi nikisikia watu kwenye semina wanalalamika kwamba masharti yetu ya ushahidi wa kielektroniki ni mzigo kwa wawekezaji na yalegezwe, nachemka. Yakazwe. Tena hati kama ile ya Kenya peke yake haitoshi, kijana wa IT wa kampuni ileile inayodai atasaini hati yoyote utakayomwekea mbele, ana familia. Mi ningetaka anayedai hela kwa kutegemea mfumo alazimike kutoa orodha ya makosa yanayojulikana ya huo mfumo pamoja na logi, yaani kumbukumbu za kila kilichofanyika kwenye mfumo, za siku husika, na asipotoa, dai lake life. Wenzangu kwenye fani wataniambia hizo ni siri za biashara. Sawa, basi kaa na siri zako na uache mshahara wa mtu.

Lakini najua pia kwamba vifungu vyote hivyo vinaishi mahakamani na kesi yako inaamuliwa kwenye ofisi ya bosi, feni inazunguka, umesimama. Ndo maana hukumu nyingi za aina hii hapa kwetu hazina namba ya kesi, ni dada fulani wa kaunta aliacha kazi, basi. Akikulazimisha uipokee karatasi, ipokee, andika juu yake kwa mkono wako "nimepokea nakala, sikubaliani na kiasi, naomba rekodi", weka tarehe, piga picha kabla hujairudisha. Ongea kwa upole, mwambie bosi na yeye ana faida kujua, maana kama mfumo unarudia miamala leo kwako kesho ni tawi la kwake mwenyewe. Na waulize hao wenzako ishirini, kimyakimya, mmoja mmoja, kama hizo siku tatu hesabu zao zilikaa. Alan Bates alianza hivyohivyo, kutafuta wengine. Mi nahisi utapata angalau wawili waliolipa kutoka mfukoni na kunyamaza.

Kuhusu kuacha kazi, kwamba umechoka na unataka kuondoka, usiondoke mwenyewe kwa hasira. Akikufukuza una siku 30 kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na kwa migogoro mingine kama makato ni siku 60. Siku zinahesabiwa haraka kuliko unavyodhani kwa hiyo andika tarehe ya kila kitu kuanzia leo.

Ukizipata hizo logi nitumie nizipitie, sitakutoza. Ila kabla ya kutuma futa majina na namba za simu za wateja, acha saa, kiasi na namba ya kumbukumbu tu, hizo zinanitosha.